Kukhu Nelima kwa Listi ya Kutembelewa

Kukhu wangu, yaani nyanya, anaitwa Nelima. Ni mtu wa Chwele, Bungoma, akaolewa huku Kitale, na sasa ako na miaka sabini na sita. Kila Alhamisi akina mama wa kanisa wanaenda kwa nyumba ya mgonjwa, wanaimba, wanaomba, wanaacha sukari. Hiyo kazi Kukhu amefanya miaka thelathini. Hata mwaka huu, mvua imekataa na sisi tunakunywa strungi, chai bila maziwa, bado alikuwa anatoka na sukari kwa leso.

Halafu miguu ikafura. Jumapili Fridah, katibu wa akina mama, akasoma listi ya watu wa kutembelewa. Jina ya Kukhu ilikuwa ya kwanza.

 Alifika nyumbani akasema hao watu wamemzika mapema. Alhamisi ndio ilikuwa inamwamsha. Ukimtoa huko, atabaki kuangalia ukuta tu. Nikamwambia wakikuja nitawafukuza hadi barabarani. Si wanajifanya? Akaniambia niache upuzi, watu wa maombi hawafukuzwi.

Wakakuja. Kukhu amekaza uso, salamu anajibia puani. Fridah akaanza kuomba. "Baba, umpe mama huyu mwisho mwema."

Kukhu akafungua macho. "Mwisho ya nani? Mimi nimefura miguu."

 Wakonyo, mmoja wao, jirani Mkikuyu, rafiki yake wa miaka mingi, akacheka mpaka kitambaa ikamtoka kichwani.

"Nelima, si hiyo maombi ni yako? Mimi nilikuwa naumwa na jino, ukaniombea mbingu. Nililia wiki mzima. Nilidhani daktari amekuambia kitu."

Kukhu hakucheka. Nikaona midomo yake ikitembea, kama anataja majina ya wazee wote aliwaombea hivyo, wengine wameshaenda. Hata mimi hasira ikaniisha.

"Na hukuniambia," akasema.

"Ningekuambia aje, bana? Ulikuwa umeniletea sukari."

Akamshika Wakonyo mkono, akaomba msamaha mbele ya watu. Kisha akanyoosha miguu, akasema waombee hiyo tu, mambo ya mbinguni waache kwanza. Wakaomba. Fridah, na aibu yake, akauliza kama atoe jina kwa listi.

"Wacha ikae," Kukhu akasema. "Lakini uniandike pia kwa wale wanaenda. Wiki ijayo ni kwa nani?"