Suruali ya Mkwe Wangu

Mkwe wangu alikwenda kupulizia mikorosho alfajiri, na hakurudi kwa miguu yake. Wenzake walimleta wamemshika makwapa, mate yanamchuruzika kama mtoto anayeota meno. Bomba alilobeba mgongoni lilikuwa limepasuka. Ile dawa ya maji ilimteremkia mpaka ndani ya suruali, naye akaendelea na kazi kwa sababu mikorosho iliyobaki ilikuwa michache. Ndivyo walivyo wanaume.

Binti yangu, mkewe, alikuwa ndani na kichanga. Arobaini yake haijatimia, na mzazi hatoki. Mimi nilikuwa pale kumlea yeye na mtoto. Kwa hiyo gari la wagonjwa nikapanda mimi.

Asiyetujua ataona ni jambo dogo. Kwetu mkwe wa kiume hali chakula mbele ya mama wa mkewe. Hanipi mkono. Tukikutana njiani anashuka pembeni, anainamisha uso mpaka nipite. Nami jina lake silitaji. Tumeishi hivyo kwa heshima, na leo tunatiwa kwenye gari moja, yeye amelala, mimi nimekaa, magoti yangu yanagusa kitanda chake.

Pale kituo cha afya tulikompeleka kwanza, kabla gari halijaondoka, tabibu alisema maneno ambayo niliyashika: "Nguo zote zitoke. Sumu hii inapita kwenye ngozi, kila akikaa nazo inazidi kuingia." Wakamvua shati, wakamwagia maji mgongoni. Walipofika kwenye mkanda, mgonjwa ambaye hata swali alikuwa hajibu akaishika suruali yake kwa mikono miwili. Alikuwa ameniona mlangoni. Gari linanguruma nje, dereva anapiga honi. Nesi wa kusafiri naye, kijana wa kiume wa huku huku kwetu, akasema watamalizia hospitali. Akachukua kanga yangu ya pili, akamfunika kuanzia kifuani mpaka miguuni.

Njia nzima nilimpa mgongo. Nikautazama mlango wa nyuma wa gari, nikamsikiliza. Pumzi yake ilikuwa inakoroma kama maji yanayochemka kwenye sufuria ndogo. Ikikoroma, naogopa. Ikinyamaza, naogopa zaidi.

"Yupo?" nauliza.

"Yupo, bibi."

Gari linaruka kwenye shimo, namwuliza tena. Harufu ya dawa ilijaa humo ndani mpaka kichwa kikaanza kuniuma, nami nikajua inatoka wapi. Tulipoingia mjini, pale Chikongola, bajaji ikatukalia mbele haitaki kupisha. Dereva akatoa kichwa nje: "We, unasubiri nini? Au nikubebe na wewe, nafasi ipo!" Watu wakacheka. Mimi nilitamani kushuka nimpige yule wa bajaji.

Hospitali wakamshusha kwenye kitanda cha magurudumu, wakamsukuma hadi mlango wa dharura. Hapo ndipo mgonjwa anapokabidhiwa. Wa gari anasema yote anayoyajua, wa hospitali anasikia, kisha wa gari anaondoka zake. Asilosema limekwenda na gari.

Aliyetupokea alikuwa sista mtu mzima, Kiswahili chake cha bara. Kijana wetu akasimama wima kama anaulizwa darasani. Akasema mate, kutapika, jasho, sindano waliyompa kituoni.

"Kanywa?" sista akauliza.

"Hapana, kamwagikiwa."

Sista akanigeukia. "Bibi, sema kweli. Hajagombana na mkewe huyu?"

"Mkewe kajifungua juzi, mtoto wa kiume," nikamwambia. "Agombane naye kwa lipi?"

"Haya, usinikasirikie mama, wanaokunywa ni wengi. Mmemwosha?"

"Tumemvua shati," kijana akasema, "tumemwosha mgongo, na..."

Akanitazama. Akatazama chini.

"Vizuri," sista akasema. "Mwingizeni."

Nikangoja amalizie. Hakumalizia. Amesoma yule kijana, lakini naye amelelewa kama sisi, na mdomo wake haukuweza kutaja suruali ya mwanamume mbele ya mama mkwe wake. Kanga yangu ilikuwa imefunika vizuri. Aliyeitazama angedhani chini yake mtu ameoshwa yuko safi. Kitanda kikaanza kusogea.

"Sista!" nikaita. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, watu wote kwenye benchi wakageuka. "Suruali haijavuliwa. Imelowa dawa toka asubuhi."

Sista akainua kanga upande, akarudi nyuma. "Mungu wangu! Leteni mkasi, leteni maji!"

Mgonjwa akashika mkanda tena. Wauguzi wawili wanamvuta mikono, haachii. Basi nikageukia ukutani, nikasema na mkwe wangu moja kwa moja, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu amwoe binti yangu: "Mkwe, sikuoni. Natoka nje. Achia nguo, mtoto wako bado hajakujua."

Nikatoka. Sikujua kama ameachia.

Nilikaa barazani. Ndani vyombo vinagonga, maji yanamwagwa, mtu anaitwa kwa haraka, halafu kimya. Nilikuwa nafikiria nitaingiaje kule nyumbani. Mzazi hapewi habari mbaya, maziwa yatakatika. Nitakaa naye siku ngapi nikimdanganya?

Kijana akaja akachuchumaa mbali kidogo. "Bibi, nisamehe."

"Una mama mkwe?"

"Ninaye."

"Basi nyamaza."

Jua lilikuwa limeshageuka upande wa pili wa baraza sista alipotoka, mikono ya gauni imelowa. "Bibi, njoo umwone." Nilijikokota hadi mlangoni nikasimama hapo. Alikuwa amevalishwa nguo za hospitali, mrija mkononi. Akafumbua macho, akaniona. Papo hapo akavuta shuka, akajifunika uso wote.

Sista akacheka. "Huyu vipi tena? Mchana kutwa hajui alipo, sasa anaona haya!"

Nilishika fremu ya mlango.

"Sista," nikasema, nimegeuza uso, "mwambie mkwe wangu mtoto ananyonya vizuri."

"Si yuko hapa, bibi? Mwambie mwenyewe."

"Mwambie wewe."

Akamwambia. Chini ya shuka nikasikia sauti ndogo, imekauka: "Sista, mwambie mama nimesikia."