Kibuyu cha Janeffer Mbele ya Kamera

Kwa miaka thelathini na mmoja Bethwel alikuwa karani wa kituo cha kununulia majani chai karibu na Boito, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyeweza kumlegeza hata kwa tabasamu. Majani mawili na chipukizi yalipita. Jani la tatu likionekana, kapu lilirudi kwa mwenyewe, hata kama mwenyewe ni shemeji yake, na mara mbili alikuwa shemeji yake. Alipostaafu, wakulima walimwandalia sherehe. Wapo waliosema ilikuwa ya kumuaga, wapo waliosema ilikuwa ya kumshukuru Mungu. Walimpa zawadi ya mizani kuukuu ya kuning'iniza, ile ile aliyowapimia, na yeye hakuona utani wowote ndani yake.

Jikoni kwake alikuwa haingii ila kuuliza kama chakula ki tayari. Kwa hiyo mwezi wa pili mwaka huu, Janeffer mkewe alipofunga safari ya Voi kumsaidia binti yao Chepngetich aliyejifungua mapacha, Bethwel aliachiwa ng'ombe wawili, ekari moja na nusu ya chai, na sufuria saba ambazo hakujua zinatofautiana kwa nini.

Janeffer alitoa maagizo akiwa mlangoni, mkoba begani.

"Unga uko kwa debe. Mboga iko shamba. Jikoni gusa kila kitu, Baba Chepngetich, lakini ile sotet ya mama yangu usiguse."

Sotet ni kibuyu cha maziwa, na hicho kilitundikwa kwenye msumari juu ya meko, shingoni kimevishwa ukanda wa ngozi wenye shanga za buluu. Mama yake Janeffer alimkabidhi siku alipoolewa. Mursik yote, yale maziwa ya kugandishwa kwa mkaa, iliyonywewa katika nyumba ile kwa miaka thelathini na minne ilitoka humo.

"Mimi niiguse ya nini?" Bethwel akasema, na alimaanisha kabisa.

Somo la kwanza lilikuwa ugali, na lilifundishwa kwa simu. Janeffer alisema: chemsha maji ya kutosha, weka unga kiasi, songa mpaka uive. Bethwel alikaa akiitazama simu. Maji ya kumtosha nani? Kiasi ndiyo nini? Mkulima akileta kilo kumi na tatu nukta mbili, karani haandiki "kiasi". Akaning'iniza mizani kwenye boriti ya jikoni, akapima unga ndani ya mfuko wa nailoni, akaandika kwenye daftari. Ugali wa kwanza aliunywa kwa sukari. Wa pili ungeweza kuziba ufa ukutani. Wa tatu aliula wote, akisimama, kwa heshima.

Aliyeleta wazo la kamera ni Muchiri, ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka pande za Nyeri kabla hajazaliwa, na ambaye duka lake sentani Boito linauza gambuti, sufuria na chaja za simu kwenye rafu moja. Alikuja kuangalia kama rafiki yake bado anaishi.

"Karani, rekodi haya mambo," akasema. "Mama Chepngetich aone makosa yako akiwa hukohuko Voi. Utaacha kumpigia simu mara tisa kwa siku." Akamletea stendi ya simu yenye taa ya duara. "Hii wananunua wasichana. Lakini hata sura yako itaonekana, taa haibagui."

Chepngetich, kule Voi, aliziona video mbili, akacheka mpaka pacha mmoja akaamka, kisha akamfungulia babake chaneli ya wazi kwa dunia yote. Akaiita Karani Jikoni.

Bethwel alisimama mbele ya simu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. "Leo ni tarehe nane. Jana mvua ilikuwa milimita kumi na mbili. Unga, gramu mia sita." Baadaye alianza kujaribu mambo. Aligundua kwamba video inaweza kukimbizwa, na Boito nzima ikamwona akikata kabichi kwa kasi ya kuku aliyeona mwewe, huku kwaya ya kanisa lao ikiimba polepole chini yake. Aligundua kwamba simu inaweza kutundikwa kwenye ndoano ya mizani ili itazame sufuria kutoka juu kama malaika. Mvuke ukapanda, kioo kikajaa ukungu, na kwa sekunde arobaini watazamaji hawakuona chochote ila wingu, na ndani ya wingu wakasikia sauti ya mzee akikikemea kitunguu kama mkulima aliyeleta jani la nne. Hiyo ilitazamwa mara elfu kumi na moja.

Vijana wakajaa kwenye komenti. "Mzee, hii chapati ama ni ramani ya Bomet?" "Buda, machozi ya kitunguu ni gramu ngapi?" Bethwel alimjibu kila mmoja kiofisi. "Asante kwa swali lako. Machozi hayakupimwa."

Mwezi wa nne ukafika ujumbe wa sauti kutoka Voi. Janeffer alisema watoto wana afya, joto ni la kuchomea mahindi, na maziwa ya huko yote ni ya pakiti. "Nimeota mursik, Baba Chepngetich. Nikaamka na kiu kama nimekula chumvi." Angerudi nyumbani Jumamosi ya tatu ya mwezi wa tano.

Bethwel aliusikiliza mara tatu. Asubuhi moja mwanzoni mwa mwezi wa tano akasimama mbele ya simu, akataja tarehe na mvua, akatangaza: "Mama Chepngetich akifika atapokelewa kwa mursik niliyotengeneza mimi mwenyewe." Neno hilo lilikuwa limeshasikiwa na watu elfu tisa. Halikuwa kapu, halikuweza kurudishwa.

Mursik alikuwa ameinywa kwa miaka sitini na mitatu. Kuhusu jinsi inavyotengenezwa, alijua kwamba huja kwenye kikombe. Alijua pia kwamba inataka kibuyu. Akatazama juu ya meko, akatazama kando, akatazama tena juu ya meko. Kisha akapanda kwenye kiti.

Tatizo lilikuwa kwamba Janeffer hakosi video hata moja. Bethwel alipekua sanduku la nguo za zamani, akakata mkono wa sweta ya kijani ya shule, akakivisha kibuyu mpaka shingoni, shanga zisionekane. Watazamaji aliwaambia kibuyu ni cha kuazima. Alilipima neno hilo pande zote, akaona si uongo.

Akafuata video za watu wengine: akachemsha maziwa, akayapoza. Akachoma vijiti vya mti wa senetwet, akauponda mkaa wake ndani ya kibuyu kwa sosiot, ule mswaki mrefu wa nyuzi alioukuta nyuma ya mlango, akamimina maziwa, akafunika. Mpaka hapo hata mjuzi asingemlaumu sana. Lakini Bethwel alikuwa na chaneli, na chaneli inataka habari. Kila asubuhi alifungua kifuniko, akakiinamisha kibuyu mbele ya taa ya Muchiri, akakoroga kwa kijiko, akatoa ripoti. "Siku ya kwanza. Hakuna mabadiliko." "Siku ya pili. Hakuna mabadiliko."

Siku ya nne mabadiliko yalikuwepo. Juu yalikuwa maji ya njano, chini madonge, na katikati harufu. Paka aliondoka. Muchiri aliinusa, akavua kofia.

"Karani, hapa kuna marehemu."

"Ni maziwa."

"Ya nani? Ya fisi?"

Bethwel aliyamwaga, akasuuza kibuyu mara mbili, akanusa. Harufu haikuwa imetoka. Ilikuwa imekaa mle ndani kama mpangaji. Kalenda ya ukutani ilisema zimebaki siku kumi na mbili, na sasa hofu yake haikuwa tena kwamba Janeffer atakosa mursik. Ilikuwa kwamba atakosa kibuyu cha mama yake.

Akakificha ndani ya koti, akapanda kilima hadi kwa Elmina, bibi wa miaka themanini ambaye mursik yake huombwa kwenye kila harusi ya mtaa ule, na ambaye makapu yake ya chai Bethwel aliyarudisha mara nyingi kuliko anavyopenda kukumbuka. Elmina alikumbuka yote.

"Karani," akasema kutoka kwenye kigoda chake. "Leo ni wewe umeniletea kapu?"

"Ni sotet, kogo," Bethwel akajibu, akimwita bibi kwa Kikalenjin.

Bibi akaivua sweta, akaona shanga. "Hii ni ya Janeffer."

"Ndiyo."

"Anajua?"

"Bado."

Elmina alicheka mpaka akashika nguzo ya nyumba. Kisha akanusa ndani, na kicheko kikaisha. "Umefungua mara ngapi?"

"Kila asubuhi. Watu walitaka kuona."

"Kuona nini? Maziwa yakilala? Wewe ukilala, kuna mtu anakufungua mdomo kila asubuhi aangalie kama umeiva?"

"Hapana, kogo. Itapona?"

Bibi hakuwa na haraka. "Mwaka ule wa mvua ya mawe, nilikuletea kilo tisa. Ukarudisha."

"Kulikuwa na jani la tatu."

"Moja."

"Mawili, kogo."

"Itapona," Elmina akasema, ameridhika kwamba angalau mtu huyu hajabadilika. "Lakini utafanya vile nasema, na hutapima kitu."

Wakakiosha kwa maji ya moto mara tatu, wakakiacha juani siku mbili. Kisha mkaa mpya wa senetwet. Bethwel alisugua mpaka bega likamuuma. Alipouliza ni kama gramu ngapi, bibi alimgonga vidole kwa sosiot. "Pua yako itakwambia." Pua yake, ambayo haikuwahi kupewa kazi ya ofisi, ilichelewa kidogo lakini ikamwambia. Maziwa yakaingia. Elmina mwenyewe akakaza kifuniko.

"Siku kumi. Ukifungua, mimi na wewe hatujuani."

Kesho yake Bethwel alikiweka kibuyu juu ya kigoda uani, kimevaa sweta yake, akawasha simu. "Siku ya kwanza. Imefungwa." Akakaa kando yake. Dakika tatu zikapita. Jogoo akapita. Ukungu ukashuka juu ya chai ukapanda tena. Hiyo ndiyo ilikuwa video.

Wafuasi wakalalamika. "Mzee, simu imekwama?" Siku ya pili ikawa vivyo hivyo, ila jogoo alirudi na wake zake. Siku ya tatu watu wakaanza kumuulizia jogoo. Siku ya tano ilisemekana hoteli moja ya Silibwet inaiweka kwenye televisheni wakati wa chai ya saa nne, na wateja wananyamaza.

"Fungua kidogo," Muchiri akamsihi siku ya saba. "Kama dirisha. Tujue."

"Hapana."

"Sasa kama imeharibika?"

"Sijui," Bethwel akasema. Katika miaka thelathini na mmoja ya kazi hakuna aliyewahi kumsikia akitamka neno hilo bila kunyoosha mkono kwenye mizani. Muchiri aliketi chini kando yake, wote wawili wakakitazama kibuyu.

Jumamosi Janeffer alishuka barabarani saa saba mchana, amenenepa kidogo, amebeba mnazi mchanga ambao kila mtu alimwambia hautamea. Elmina alikuwa ameshafika na ameshakaa. Muchiri pia. Simu ilikuwa kwenye stendi, taa imewaka juani bila sababu. Bethwel akatoka jikoni amebeba kibuyu kwa mikono miwili.

"Hiyo sweta ni ya Chepngetich ya darasa la sita," Janeffer akasema.

"Ndiyo."

"Sotet ni mgonjwa, ndiyo imevaa sweta?"

Bethwel alikuwa na maelezo. Aliyaandika kwenye daftari, yana vipengele. Badala yake aliivua sweta mwenyewe, na shanga za buluu zikaonekana kwa watu elfu kumi na nne.

"Niliigusa," akasema. "Nikaiharibu. Kogo Elmina ameiponya. Kama imepona. Sijafungua."

"Unafikiri nimejua leo?" Janeffer akamwangalia. "Miaka thelathini na minne naibeba, unaifichia mkono wa sweta? Hata ivae suti nitaijua. Kila asubuhi ukiifungua nilikuwa napigia hiyo simu kelele, wacha, wacha! Chepngetich akaniambia, mama, hasikii."

"Ungenipigia."

"Nikupigie nikwambie nini? Si ulisema ni ya kuazima?"

Akaketi, akakichukua kibuyu mapajani, akafungua. Akainusa kwanza. Akamimina. Ilishuka nzito, polepole, ikiwa na rangi ya kijivu cha anga la kwao Konoin kabla ya mvua. Akanywa. Elmina alikuwa akitazama milima kama mpita njia. Janeffer alikinywa kikombe mpaka mwisho, akajifuta mdomo.

"Mkaa umezidi," akasema. Kisha akanyoosha kikombe. "Ongeza."

Bethwel akaongeza, na mkono wake ukamwaga kidogo kwenye kiatu cha Muchiri, ambaye alisema hiyo haihesabiki, bado anadai kikombe chake. Akapewa. Elmina akapewa viwili. Kibuyu kilipoisha, Janeffer aliinuka, akaichomoa simu kwenye stendi, akaigeuzageuza.

"Hii inashikwa upande gani? Haya. Chukua sotet, chukua sosiot. Uoshe mbele ya watu."

Video hiyo ina dakika kumi na moja. Anaonekana karani mstaafu ameinama juu ya beseni, na nusu ya muda ni kidole cha mpiga picha. Sauti ya mwanamke inasema: chini zaidi, hapo, si hapo, wewe ulikuwa unapima chai ya watu hivi? Imetazamwa kuliko zote. Wafuasi sasa hawaulizii ugali, na jogoo wamemsahau. Wanauliza yule mama ni nani na atatokea lini.

Bethwel anamjibu kila mmoja. "Asante kwa swali lako. Mpiga picha bado anakunywa."