Jiwe kwenye friji ya soda

Juzi nilikuwa nakunywa soda kwenye duka moja la Maganzo. Binti mmoja aliingia, akamwamkia mama mwenye duka, kisha akamwinamia na kunong'ona: "Mama, lile jiwe langu limeshapoa?"

Maganzo, jiwe ni almasi. Wanaume wawili waliokaa kwenye benchi waliacha kutafuna karanga. Wa tatu, aliyesimama mlangoni, alitoa simu na kuondoka.

"Jiwe gani, dada?" mmoja wa benchi aliuliza.

"La uso."

"Uso ndiyo machimbo ya wapi?"

Mama alifungua friji, akatoa katikati ya chupa kitambaa kilichokunjwa. Binti alikikunjua. Ndani mlikuwa na kijiwe cha kijani chenye mpini, cha kukandia uso. Alikiviringisha chini ya jicho hadi sikioni, wote wakitazama.

"Kikiwa baridi kinapunguza uvimbe," alisema. "Nyumbani sina friji."

Wale wawili walicheka. Binti aliangalia mlangoni.

"Yule aliyetoka amekiona?"

"Hajakiona," mama alijibu. "Amesikia tu."

Wanaofundisha urembo husema kifaa hicho kipoozwe kwanza. Hawasemi kiuliziwe vipi mahali ambapo mwenye jiwe hatembei peke yake kwa hofu ya kuporwa.

Binti alimwachia mama kitambaa. Alishika njia ya nyumbani akijikanda shavu moja, kisha la pili, taratibu, kila mtu aone. Jua lilikuwa kali na kijiwe kilishapata moto, lakini mpaka anapotelea kwenye kona hakuwa ameshusha mkono.