Jina Kwenye Risiti ya Cherehani

Kitabu chenyewe hakikuwa hata na jalada. Nilikichomoa kwenye rundo la vitabu vikuukuu sokoni Arua, katikati ya vitabu vya hesabu vya shule, kwa sababu ukurasa wa kwanza ulisema ni cha mwanamke anayetaka kazi yake mwenyewe. Nikajiambia, haya, ndiye mimi huyo. Nilikuwa nashona sare za shule mjini Koboko kwa cherehani ya kukanyaga niliyoinunua kwa jasho langu, baada ya miaka ya kushona kwa mkono mpaka vidole vikafa ganzi.

Nilikisoma mchana, wateja wakipungua. Mengine yalinichekesha: ati ukiamka ujitazame kwenye kioo ujisifu. Nani ana muda huo? Lakini ukurasa mmoja niliurudia mara mbili. Uliuliza: chombo chako cha kazi kina jina la nani?

Risiti yangu ilikuwa na jina la mume wangu. Hakuna aliyenilazimisha. Siku ile dukani Arua muuzaji aliinua kalamu akauliza, "Niandike jina ya mzee?" nami nikaitikia mbio, kwa adabu. Kwetu, mke akijiandikia jina lake kwenye kitu kikubwa, watu husema anajiandaa kuondoka. Na mume wangu, mwanajeshi, alikuwa mpole. Angekubali tuibadilishe bila kuuliza kitu. Nikakunja pembe ya ule ukurasa, nikasema nitamwambia akija likizo. Alikuja mara mbili. Mara zote mbili nilipika, nikacheka, nikafyata ulimi.

Kisha akaugua huko kambini, akafariki. Baada ya arobaini, shemeji yangu, kaka yake mkubwa, aliwaita wanaume wa ukoo uani kwangu. Mkononi alishika ile risiti, aliyoitoa kwenye begi la marehemu.

"Hii mashine iko ya ndugu yangu," akasema. "Karatasi iko na jina yake."

"Shemeji, mimi ndiye nilinunua. Unajua ni mimi."

"Mimi nasoma tu kile iko hapa."

Wanaume wakatazama viatu vyao. Watoto wao wote walivaa sare zilizotoka kwenye cherehani ile, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo! Wawili wakainama kuibeba.

"Ngojeni!" nikapiga kelele.

Wote wakaganda. Nadhani walifikiri nitailalia. Sketi ya mtoto wa watu ilikuwa bado chini ya sindano. Nikainua sindano, nikakata uzi, nikaitoa sketi taratibu isichanike. Halafu wakaibeba cherehani, wakaenda. Sketi ile niliimaliza kwa mkono huku nalia, maana shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu.

Imenichukua muda mrefu kurudi kwenye lile duka la Arua. Nilirudi mwaka huu kununua nyingine, kitabu kikiwa ndani ya mkoba. Mbele yangu alikuwepo mwanamke mdogo, mtoto mgongoni, ananunua cherehani yake ya kwanza. Muuzaji ni yule yule. Kalamu ikainuka.

"Niandike jina ya mzee?"

Yule mwanamke akafungua mdomo kuitikia.

"Wee, ngoja!" nikadakia. "Sema lako!"

Muuzaji akanikazia macho. Watu wa nyuma wakaanza kunung'unika, eti huyu mama anavunja ndoa za watu. Wallahi sikujali. Nikatoa kitabu, nikakifungua pale penye pembe iliyokunjwa, nikamwekea yule mwanamke mbele yake. Alisoma polepole, midomo ikicheza, kalamu ya muuzaji ikingoja. Kisha akanirudishia kwa mikono miwili.

"Asante, mama," akasema kwa haya. "Lakini bwana yangu si mubaya."

"Wangu pia hakuwa mbaya, binti yangu," nikamwambia. "Alikufa tu."