Nilimrudishia Nafasi Yake

Sauti ile niliisikia mara mbili.

Kwanza ilitoka ukutani. Halafu ndiyo ikaingia kwenye hedifoni.

Ngoja nianze mwanzo.

Mimi siongei. Darasani nikiitwa jina, nanyoosha kidole tu. Ila kwenye gemu la mbio za magari mtandaoni, mimi ni noma. Usukani wa kuchezea aliniachia mjomba. Jina langu huko ni Kimya.

Ligi yetu ina adabu zake. Ukitaka kupita, unawasha taa na unamwachia mwenzako upana wa gari. Ukimgonga ukapata nafasi kwa sababu hiyo, unapunguza mwendo, unamrudishia. Hiyo sijawahi kuivunja.

Mbio za mwisho, timu ya ligi ilikuwa imebakiza kiti kimoja cha dereva, cha atakayetangulia kumaliza. Mimi au Nipishe.

Huyo Nipishe nilikuwa simjui. Anaandika tu, maiki hawashi.

Mzunguko wa mwisho yuko mbele, nimemganda nyuma, nimeshawasha taa nimpite. Katikati ya barabara iliyonyooka, mahali ambapo hata bibi kizee hafungi breki, akafunga.

Nikamgonga. Akazunguka. Nikapita.

Mstari wa kumalizia nauona kabisa.

Nikaachia pedeli ya mafuta. Nikamsubiri.

Akanipita, akamaliza. Akaandika: "Asante kwa adabu, mwaya."

Ilinichoma. Nikapeleka malalamiko na video yake. Lakini kwa waamuzi wetu, mlalamikaji lazima ajieleze kwa mdomo.

"Kimya, tunakusikiliza. Eleza."

Nikawasha maiki. Ulimi ukagoma.

"Kimya, upo?"

Wakawa wananisikia nahema tu. Mtu akacheka.

"Haya basi. Nipishe, una la kusema?"

Hapo ndipo ukuta ukaongea.

"Nilifunga breki kwa woga jamani. Huyo ananigongagonga kila mbio."

Dada yangu.

Yule anayejifungia na laptop eti anasoma. Yule ambaye wageni wakija ananijibia: "Huyu haongei, mzoeeni tu."

Wakampa kiti.

Nikaenda nikasukuma mlango wake. Akavua hedifoni taratibu, kama mtu aliyekuwa ananingoja.

"Dada, ulijua ni mimi?"

"Nani mwingine angesimama kunisubiri? Nilijua utasubiri. Na nilijua mbele za watu mdomo hutafungua." Akatabasamu. "Ona sasa unavyoongea vizuri."

Usiku mezani, mama akaniangalia. "We mtoto, mbona macho yamevimba?"

Nikafungua mdomo.

"Kachoka tu, mama," dada akawahi. Akanisogezea sahani.

Mama akaendelea kula.

Jamani, mkikutana na Kimya njiani, nafasi nitawaachia, na nikiwagonga nitawarudishia. Hiyo siachi.

Ila ukitegwa, sema, hata kama sauti inatetemeka. Ukinyamaza, aliyekutega ndiye atakayesimulia. Na watamwamini, maana ni yeye peke yake waliyemsikia.