Simu za Injinia Asiye na Kazi

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, tunamwita Injinia. Jina nimempa mimi, na majina yangu hushika kama gundi, waulize majirani. Mwenyewe husema yeye si injinia, ni msimamizi wa mifumo ya kompyuta. Lakini hilo huwezi kulitamka ukiwa na misumari mdomoni, na mimi, fundi makochi hodari kuliko wote mtaani kwetu, kutwa nzima ninayo misumari mdomoni. Kwa hiyo ni Injinia, basi.

Alifanya kazi kampuni ya bima tangu akiwa msichana mwembamba mpaka akawa mama wa mtoto anayesoma. Chumba chake hakikuwa na dirisha, na baridi ya mashine ilimfanya avae sweta hata siku za jua kali. Mashine ya mtu ikigoma, utaratibu ulikuwa uandike ombi kwenye mfumo, upewe namba, usubiri zamu yako. Utaratibu huo ulibandikwa ukutani na hakuna aliyeufuata. Watu walimpigia kwenye simu yake mwenyewe: "Dada, hebu njoo uone." Printa imemeza karatasi, dada njoo uone. Neno la siri limekataa, dada njoo uone. Naye akaenda, akaona, akatengeneza, akarudi kwenye baridi yake. Hakuna aliyeandika mahali kwamba jambo hilo limewahi kutokea. Nilimwambia wewe ni kama mkunga, watoto wote umezalisha wewe na hakuna hata mmoja mwenye jina lako. Akacheka. Siku hizo alikuwa anacheka.

Kisha meneja wao akawaita, akasema kazi ya kompyuta inahamia ng'ambo, kwa kampuni yenye watu wengi na bei nafuu. Injinia akaombwa awafundishe hao wa ng'ambo kabla hajaondoka. Akawafundisha kupitia kioo cha kompyuta, wiki baada ya wiki, na akawafundisha vizuri kupita alivyoombwa, mpaka vitu visivyoandikwa popote: mashine ipi huamka kwa hasira, ipi haitaki kuzimwa wikendi. Nikamuuliza ni mwenye nyumba gani huyo anayemwonyesha mgeni mahali alipoficha ufunguo. Akanijibu kwamba nao ni wafanyakazi kama yeye, na mmoja wao ana mtoto mwenye kikohozi, humsikia nyuma ya sauti yake. Nikanyamaza. Mimi hunyamaza mara chache, lakini nikinyamaza hunyamaza kweli.

Siku ya mwisho walimpa mkono na cheti cha shukrani chenye fremu. Fadhila ya punda mnaijua.

Nyumbani kwake hakukaliki. Dada yangu anaishi naye, na alimtazama mwanawe kutwa kama anayemtazama mgonjwa. Kwa hiyo Injinia akawa anakuja karakana kwangu asubuhi na laptopu yake, anakaa kwenye kochi lolote ambalo halijachukuliwa na mwenyewe, katikati ya sponji na vitambaa, anaomba kazi. Enzi zangu mtu ulikuwa unakwenda, unabisha hodi, unasema nina mikono miwili. Siku hizi unamwomba mtu usiyemwona. Siku moja usaili ulikuwa wa kujirekodi: maswali yanatokea kwenye kioo, wewe unajibu peke yako, unatabasamu, upande wa pili hakuna mtu. Nilimwona mpwa wangu akitabasamulia mashine, akieleza uwezo na udhaifu wake, nami nikasahau, nikagonga nyundo. Jibu la kumkataa lilikuja kabla chai haijapoa. Walisema wanathamini muda wake. Akanitazama, akasema si nyundo, Mjomba, usijione mkubwa hivyo.

Wengine walimwambia ana uzoefu mno. Wengine walimwambia uzoefu wake ni wa mashine za kizamani. Kwingine alikuta nafasi imeshafungwa lakini tangazo limesahaulika, linaendelea kuwaita watu. Alianza kuzungumza polepole, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo.

Lakini simu, simu haikukoma. Wale wa kampuni ya bima walikuwa wameambiwa waandike ombi ng'ambo na kusubiri. Kule wakijibu, hujibu kwa adabu nyingi na kwa saa zao. Nani ana subira hiyo? "Dada, uko? Nisaidie kidogo tu." Na yeye, pale pale juu ya sponji, anamwelekeza mtu: bonyeza hapa, funga, fungua tena, sasa jaribu. Mazoea yana tabu. Mimi, sitawaficha, nilivimba kichwa. Niliwaambia wateja wangu kwamba kampuni nzima ya bima haiendi bila karakana hii. Mmoja nilimwongezea bei.

Hatimaye ikaja kazi ya maana. Bohari moja ya dawa za hospitali ilikuwa inatafuta mtu wa kuhakikisha mifumo yao haianguki. Bi Mkubwa wa bohari alimwita, akamwita tena, akamwonyesha mpaka meza atakayokaa. Dada yangu akaanza kumtazama mwanawe kama mtu mzima. Kilichobaki ni kuulizia sifa zake kwa meneja wa zamani.

Kikapita kimya. Kisha wakamwambia nafasi imesimamishwa kwanza.

Injinia akapiga simu kuuliza kulikoni, na Bi Mkubwa, Mungu ambariki, hakumzungusha. Alisema meneja amemsifu sana: mpole, mwaminifu, anawahi kazini. Ila bodi yao ilitaka kujua ni nini kiliharibika bimani tangu aondoke, na meneja akajibu kwamba hakuna. Hakuna hata lalamiko moja. Wale wa ng'ambo wanakwenda kama saa. Basi bodi ikauliza, kama ni hivyo, kwa nini na sisi tusiwape wale wale wa ng'ambo? Walikuwa wanasubiri kidogo waone, kisha wakate shauri.

Alitusimulia hayo mimi na mke wangu, aliyekuwa amekaa mlangoni akishona foronya za mito. Mke wangu hakuinua hata macho.

"Walalamike kwa kipi," akasema, "na wewe uko hapa kwenye kochi unawatengenezea?"

Neno hilo hilo nilikuwa nalo mimi. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, nyuma ya misumari. Mkaza mjomba wake akaniwahi.

Injinia akaifunga laptopu yake. Akachomoa uzi kwenye kochi la watu, sikumkemea. Nilitaka kusema kwamba samaki hukaangwa kwa mafuta yake mwenyewe, nikaona si wakati wake.

Simu ikaita. Ilikuwa Bi Mishahara, mhasibu anayelipa watu pale bimani. Huyu hakuwa mtu wa kupita tu. Mtoto wa Injinia alipolazwa hospitali, ni yeye aliyekuwa akimpelekea nguo safi, na ni yeye aliyekaa na mgonjwa ili mama yake apate kulala. Na sasa ilikuwa mwisho wa mwezi, mfumo wa mishahara umeganda, na yeye sauti imempanda, nilimsikia kutoka nilipo.

Injinia alijua dawa yake. Niliona vidole vyake vimeshaanza kujongea juu ya goti.

"Andika ombi, dada," akasema. "Andika ng'ambo."

"Watanijibu lini? Watu watakosa mishahara, na wa kuparuliwa ni mimi."

"Najua."

"Umetukasirikia?"

"Sijamkasirikia mtu. Kila nikiwatengenezea, huko juu wanasema hapaharibiki kitu, na mimi nakosa kazi kwa neno hilo. Nimechoka, dada yangu."

 Bi Mishahara akasema, "Haya," simu ikakatika. Injinia akailaza simu kifudifudi. Ikaita tena, na tena, akawa anaiangalia ikitetemeka juu ya sponji. Nikamtania kwamba sasa ndiyo amekuwa bosi, maana mabosi hawapokei simu. Hakucheka, na kusema kweli hata mimi sikucheka.

Mishahara ilichelewa. Watu walijaa kwenye ujia wa meneja, na Bi Mishahara akasemwa mbele yao. Kuanzia hapo kila kilichogoma kikaandikwa, maana hapakuwa na pengine pa kukipeleka, na maandishi yakapanda ngazi mpaka yakafika kwa wakubwa. Meneja akampigia Injinia mwenyewe, akamwomba aje awasaidie kidogo, kama mtoto wa nyumbani. Alimjibu kwa heshima zote kwamba hataweza. Akaongeza kwamba akiulizwa tena juu yake, aseme ukweli wote, pamoja na nani alikuwa anapokea simu tangu aondoke.

Sijui meneja alisema nini. Najua tu kwamba Bi Mkubwa wa bohari alimuulizia upya, na baada ya hapo Injinia akaitwa kuanza kazi, kwa majaribio. Cheo ni kidogo kuliko cha zamani na meza siyo ile aliyoonyeshwa. Dirisha lipo, linatazama mapipa ya taka. Mtaani nimewaambia kazi hiyo nimemtafutia mimi, na hakuna aliyenibishia kwa sauti.

Jioni moja ya wiki yake ya kwanza hakuja kwangu kwanza. Alikwenda kwa Bi Mishahara, maana alikuwa amempigia kila siku na simu haikupokelewa. Kwangu alifika usiku, amebeba viatu mkononi, miguu imemvimba. Nikamsogezea kigoda, nikamuuliza kama wamepatana.

"Amenikaribisha," akasema. "Kanipa maji. Tumezungumza habari za magoti yake yanayomuuma."

"Na ya mishahara?"

"Magoti tu, Mjomba."