Watu Wasiokula Kanga

Nyumbani kwetu, upande wa Ikungi, kanga walikuwa kitoweo cha bure. Mtama ukianza kukomaa, ndege hao walishuka shambani kwa makundi na baba akawatega kwa kamba za mkonge. Lakini bibi yangu, mama yake mama, hakula nyama yao wala hakuruhusu ipikwe katika chungu chake. Mama hakula. Na mimi, ingawa harufu ilinitesa, sikuwahi kuonja. Nikiuliza sababu, bibi alinijibu, "Ni mwiko wa bibi yangu," kisha akaendelea na kazi yake.

Huyo bibi yake, mama wa mama yake, ndiye aliyemlea. Alifika Unyaturu akiwa mtoto mdogo, mwaka wa njaa, zamani kabla Wajerumani hawajaingia. Wazazi wake walikuwa njiani wakitafuta chakula. Mtoto akashikwa na homa, akashindwa kutembea, wakamwacha kwa mume na mke ambao hawakujaliwa kuzaa. Waliahidi kumfuata mvua zikinyesha. Mvua zilinyesha, hawakuja. Akakua, akaolewa, akazaa, akazeeka huku huku Unyaturu. Kutoka kwao alibaki na mwiko wake, na kumbukumbu ya ukingo wa mlima ambao ukisimama juu yake unaona mbuga kule chini kama imefunikwa na moshi, na jina alilopewa na mama yake. Huku walimpa jina jingine. Lile la kwanza alimwambia bibi yangu peke yake, wakiwa wamelala kwenye ngozi moja.

"Walimtupa," bibi alikuwa akisema. "Kama wangemtaka, wangerudi." Alisema hivyo kwa uchungu kana kwamba aliyeachwa ni yeye.

Halafu tukahamishiwa kijiji cha ujamaa. Bibi aliacha tembe lake, nyumba ya udongo ya paa bapa, na zizi lake, akapewa kibanda katika mstari wa vibanda, jirani zake watu asiowajua. Mwaka ule wa kwanza alilalamika kila asubuhi. Mara moshi wa jirani unaingia kwake, mara kuku wa watu wanalala kwake. Mimi nilikuwa msichana nisiyeolewa bado, nikifundisha kisomo cha watu wazima, na nilikaa naye ili asiwe peke yake.

Siku moja tulikuwa shamba la kijiji tukipalilia. Vijana walinasa kanga kadhaa, wakapikwa kwa ajili ya wote. Sufuria ilipoletwa, bibi alinyanyuka akaenda kukaa pembeni na ugali wake mkavu. Nilipogeuka nikaona mwanamke mwingine naye amejitenga na ugali mkavu mkononi. Alikuwa mke wa mganga wa zahanati, mgeni kutoka Iramba.

Bibi alimtazama kwa muda. "Wewe unaumwa?" akamuuliza.

"Hapana, mama. Shikamoo. Ni mwiko tu. Sisi kwetu hatuli kanga."

"Kwenu wapi?"

"Sekenke. Juu kabisa, pale mlima unapokatika."

Bibi aliweka ugali chini. "Na ukisimama pale unaona nini?"

Yule mama alicheka, akidhani anataniwa. "Utaona nini, zaidi ya mbuga? Asubuhi utadhani inafuka moshi."

Bibi hakupalilia tena siku ile. Jioni aliniambia nitafute mtu wa kunishikia darasa.

Tulisafiri baada ya mavuno. Tulipanda basi hadi Singida mjini, na kesho yake basi jingine la kuelekea Nzega. Bibi alibeba kuku wawili na karanga, akakataa katakata kuviweka juu ya keria. Njiani alikuwa mkali bila sababu. "Tukifika wakisema hawatujui, tunageuza," alisema. "Sitabembeleza mtu." Nikamshika mkono. 

Mke wa mganga alikuwa ametuelekeza kwa mwanamke mzee kuliko wote wa ukoo wao. Tulimkuta nyumbani kwake anapepeta uwele. Alikuwa mwembamba, mrefu, jicho moja limeingia ukungu. Nilipiga magoti nikamwamkia. Bibi naye akamwamkia, maana yule mzee alimzidi umri waziwazi. Yule mzee aliitika, akatuletea maji, akangoja tuseme kilichotuleta.

Bibi alisimulia kwa Kinyaturu, na pale neno lilipokwama nilimsaidia kwa Kiswahili. Alisimulia njaa, homa, wale mume na mke. Hakutaja jina. Nadhani alilizuia makusudi.

Ungo ulikuwa umesimama mikononi mwa yule mzee. "Mtoto huyo," akasema polepole, "aliitwa nani?"

"Niambie wewe," bibi akajibu.

Mzee akalitaja jina. Bibi alifunika uso kwa mikono yake yote miwili.

"Ndilo jina langu mimi," mzee akaendelea. "Baada yake, mama yake alizaa msichana mwingine. Huyo ndiye bibi yangu mimi, mama wa mama yangu. Nilipozaliwa aliniita jina la dada yake aliyebaki njiani, ili lisipotee nyumbani."

Bibi alifungua uso. "Mbona hawakumrudia?"

"Walirudi! Mvua za kwanza tu, mama yake alirudi na kibuyu cha samli cha kuwashukuru wale watu. Alikuta tembe limeanguka, zizi limeota majani. Watu walikuwa wamehama, walioulizwa wakasema ni kwa hofu ya wezi wa ng'ombe. Akatafuta nyumba kwa nyumba mpaka mguu ukavimba. Akaenda tena mwaka uliofuata. Bibi yangu alituambia kwamba mama yao hakuweza kula uji wa kwanza wa mavuno bila kulia."

 Bibi alichezea mchanga kwa kidole. Kisha akaniambia mimi, si yule mzee, "Unasikia? Alirudi." Akalirudia neno hilo, na machozi yakamtoka bila sauti. Nilikuwa sijawahi kumwona analia, hata tulipomzika babu.

Yule mzee aliweka ungo chini, akaja akapiga magoti mbele yake kwa shida. "Shikamoo, dada."

Bibi alishtuka. "Acha, mama. Wewe ni mkubwa kwangu."

"Kwa miaka. Lakini wewe umetoka nyumba ya mkubwa, mimi ya mdogo. Na sisi Wanyiramba wa zamani tulihesabu ukoo kwa mama. Watoto wa kaka zangu wote ni wa koo za mama zao. Wewe ndiye wa hapa. Na binti huyu pia."

Alinielekezea mimi kidole. Sikujua nifanye nini, nikaanza kupepeta uwele wake.

Tulikula ugali na mlenda. Watu walikuja mpaka nyumba ikajaa, kila mmoja akitaka kumshika bibi mkono. Kesho yake walimpeleka kwenye ukingo wa mlima. Alisimama akatazama mbuga kwa muda mrefu, halafu akasema anasikia njaa.

Nilipaswa kurudi darasani. Bibi alikataa kuondoka. "Nenda," alisema, "wasalimie." Alikaa na dada yake mpaka mvua zilipokaribia. Aliporudi alikuwa amenenepa, amefundishwa kusuka vikapu kwa mtindo wa kule, na alijua maneno kadhaa ya Kinyiramba, mengi ya matusi. Aliyatumia kufukuzia kuku wa jirani, huku anacheka mwenyewe.